Sori Ipi Hiyo?

Asubuhi ya juzi kondakta wa daladala alinikanyaga kidole cha mguu, tena kile chenye kidonda, akaniambia, "Sori, mzee," huku uso wake ukiwa nje ya mlango akiita abiria wa kituo kinachofuata. Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu, ambaye hakunikanyaga wala hakuwa na nia hiyo, naye akasema, "Sori, baba." Hapo ndipo nilipoduwaa, kwa kuwa katika lugha tuliyolelewa nayo kondakta angepaswa kuniambia samahani na yule mama angeniambia pole, nami ningejua mara moja ni nani wa kumtazama kwa jicho baya.

Isitoshe, maneno yetu yana majibu yake: pole hujibiwa "nimeshapoa", na samahani hujibiwa "bila samahani". Sori hujibiwa nini? Mimi husema "asante", kisha najikuta nimemshukuru mtu aliyenitia kilema.

Nilifika nikichechemea katika ofisi ninayofuatilia karatasi zangu kwa wiki ya tatu sasa, nikamweleza dada wa dirishani shida yangu tangu mwanzo. Akainua kichwa na kusema, "Sori?" Kwa uungwana nikamjibu, "Usijali, mwanangu, yameshapita," kumbe hakuwa akijutia wiki zangu tatu, bali hakuwa amenisikia. Nikarudia maelezo yote. "Sori, mzee, mtandao haupo," akasema, na hiyo sori ya pili ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Nyumbani nilifungua kamusi. Neno lenyewe, ambalo wenye nalo huliandika "sorry", lilitokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya maumivu au kidonda, wala si ndugu wa "sorrow", neno lao la huzuni, ingawa yamefanana sura kama majirani waliokaa pamoja muda mrefu. Nilikitazama kidole changu nikakubali kwamba, kwa upande wa asili ya maneno, kondakta hakukosea. Tena huko Kanada, jimbo la Ontario lilipitisha mwaka 2009 sheria isemayo kwamba kuomba radhi hakuhesabiwi mahakamani kuwa ni kukiri kosa, sheria ambayo makondakta wetu wanaitekeleza kikamilifu bila kuisoma.

Nikavua miwani na kuiweka kitini ili nikipake kidole dawa, na mwanangu wa mwisho akaja akaikalia.

"Sori, baba."

Kwa upole wote niliokuwa nimebakiwa nao, nilimwuliza kama hiyo ilikuwa samahani au pole. Alifikiri, akaitazama miwani, akakitazama kiti, kisha akataka kujua ni nani aliyeiweka pale. Nikamwambia ni mimi.

"Basi ni pole, baba."