Hakuna meno ya plastiki, acheni kuwachokonoa watoto

Juzi kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp mama mmoja kaandika mwanawe wa miezi mitano anaharisha, homa haishuki. Ushauri ukamiminika: "Mfunue mdomo, hayo ni meno ya plastiki." Ikafuata namba ya simu ya bibi anayeyatoa. Na watu wakaitikia amina!

Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi wanachokiita meno ya plastiki ni chonge ya utotoni. Ingetokeza yenyewe mtoto akiwa na mwaka na nusu au karibu miwili. Ukiichimbua sasa, lazima itoke laini na nyeupe, kwa sababu haijakomaa. Huyo bibi anaiweka kiganjani, "mmeona?", na ukoo mzima unashangaa. Anachimbua kwa spoku ya baiskeli au wembe, ganzi hakuna. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi yakaingia kwenye damu, na wapo waliokufa hivyo. Akinusurika, chonge ya ukubwani ilikuwa imejificha papo hapo chini ya ile ya utotoni, nayo imeshaguswa. Binti wa jirani yangu yuko darasa la sita: chonge yake ya chini kushoto imeota na vishimo vya rangi ya ugoro, ya kulia haijaonekana mpaka leo, na meno ya pembeni yameinamia pengo. Mama yake anasema "alizaliwa na meno mabovu". Alizaliwa nayo wapi?

Mbona basi homa na kuharisha huja wakati uleule ufizi unapovimba? Kwa sababu huo ndio umri ambao kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, anaanza kuonjeshwa uji, na kila anachokishika, hata kandambili ya babu, kinaishia mdomoni. Jino linasingiziwa kosa la maji machafu.

Haya, nakubali shingo upande: mama aliyekesha na mtoto, zahanati iko mbali, atashika chochote. Na kweli wapo wanaopona baada ya kuchokonolewa. Kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, spoku ikajizolea sifa za bure.

Ya kigego, mtoto anayedaiwa kuleta mkosi kwa kuota meno ya juu kwanza, sibishani hata. Meno ya juu yametangulia, basi, mtoto hana deni na mtu. Na anayezaliwa na jino apelekwe kwa daktari wa meno, hasa likiwa linacheza. Hakuna haja ya kikao cha wazee.

Mama wa grupu, kama unanisoma: endelea kumnyonyesha, mpeleke kliniki leo, ukapewe ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, na zinki ya siku 10 hadi 14. Macho yakididimia au akikataa kunyonya, usingoje hata asubuhi. Na aliyetuma ile namba aifute, kabla sijaitaja familia yake hadharani.