Mwaka wa kwanza Mlimani, lala karibu na darasa

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akipewa kitanda ndani ya kampasi ya Mlimani, akichukue. Kiwe cha juu, kiwe kwenye bweni la zamani lililochakaa rangi, wenzake wa chumbani wawe watu asiowajua hata mmoja, akichukue tu. Najua wazazi wengi wanawaza vingine. Hosteli wanaiona ni fujo, geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, wanaliona lina utulivu, na kwa shangazi wanapaona salama kuliko kote. Nia yao naiheshimu. Ila kwa mwaka wa kwanza sikubaliani nao.

Nianze na kwa shangazi, maana huko ndiko wengi huishia. Familia iko Kigoma au Mtwara, ina ndugu Dar, na ndugu kasema mtoto aje, chakula kipo na pa kulala papo. Huo ni ukarimu na si wa kubezwa. Shida ni umbali. Ukiwa mkoani, Dar unaiona mji mmoja, kumbe ndugu anakaa Chanika, Mbagala au Bunju, na kipindi cha kwanza chuoni kinaweza kuanza saa moja asubuhi. Anayetoka Chanika anaamka saa tisa usiku, anapanda daladala mbili au tatu, na akifika darasani ameshachoka kabla mwalimu hajafungua mdomo. Jioni semina inakwisha giza limeingia, foleni haijalegea, na nyumbani watu wanamsubiri na mlango haujafungwa. Mwenyeji naye anachoka. Hawezi kulala mpaka mtoto wa kaka yake ameingia, na hawezi kusema, kwa sababu ni ndugu.

Kwa mabinti mzigo ni mkubwa zaidi, na hili tunalinyamazia mno. Binti akifika kwa shangazi anakuta vyombo, anakuta watoto wa kuogesha, anakuta jiko. Hakuna aliyemwita awe msaidizi wa kazi, lakini malezi aliyopewa hayamruhusu kukaa na daftari wakati mwenyeji wake anapika. Atasema nini? Kwamba kesho ana pepa? Ataosha vyombo kwanza, na saa nne usiku ndipo afungue desa, yaani notisi za somo, macho yameshakwisha. Kijana wa kiume katika nyumba hiyohiyo mara nyingi anaachwa asome. Mzazi mwenye binti na uwezo wa kumlipia hosteli asihesabu kwamba ameokoa hela kwa kumpeleka kwa ndugu. Gharama hiyo anailipa binti, kwa muda wake wa kusoma.

Na muda wa usiku ndio wenyewe hasa. Mwaka wa kwanza chuo hakikufundishi darasani pekee. Mhadhara wa mamia ya watu kwenye ukumbi wa Nkrumah au kumbi za Yombo unaweza kupita hujaelewa kitu, ukaja kuuelewa saa mbili usiku kwenye diskasheni ya watu watano, mmoja wao akiwa ni rumeti wako aliyesoma somo hilo vizuri kidato cha sita. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, ni kweli, na taarifa ya jaribio kusogezwa itakufikia popote ulipo. Lakini mtu wa kukukalia pembeni mpaka swali litoke hapatikani kwenye simu. Maktaba mpya ya chuo, iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2,000. Anayeifaidi jioni ni yule ambaye akifunga kitabu anarudi chumbani kwa miguu.

Sasa geto. Hapa naomba tupige hesabu. Mkopo wa kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ulikuwa shilingi 8,500 kwa siku mpaka ulipopandishwa kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 hiyo ni laki sita, na ndiyo inayoitwa bumu kwa furaha. Tuseme umepata chumba Changanyikeni au Msewe cha laki moja kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali anataka mwezi mmoja wake. Laki saba zimeondoka, hujanunua godoro wala jiko la gesi, hujaweka umeme wa luku, hujala. Bumu lenyewe huenda halijaingia. Wanaoumia zaidi ni wale ambao hawakupata mkopo kabisa, wanaosomeshwa kwa mahindi na ng'ombe.

Usalama nao si jambo dogo. Januari 2013 wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliandamana kwa sababu wenzao waliopanga Kigamboni walikuwa wakivamiwa, wakiibiwa na kufanyiwa ukatili. Chuo kipo katikati ya jiji, vyumba vya bei nafuu vilikuwa ng'ambo ya pili ya maji, na katikati kuna pantoni. Hayo yalitokea kwa vijana waliokwenda kutafuta elimu, na mimi sijaona tulijifunza vya kutosha. Bado tunamwachia mtoto wa miaka 19, aliyeingia Dar wiki iliyopita, aamue mwenyewe mtaa upi una amani, kwa kumsikiliza dalali.

Kwa anayebahatika kuwa na la kuchagua kati ya hosteli na hosteli, ushauri wangu ni kuuliza kwanza unasomea wapi hasa. Barua inasema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wa TEHAMA wana kampasi yao Kijitonyama, na wa DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu, wako Chang'ombe kabisa, wilaya ya Temeke. Hosteli za Magufuli zilizozinduliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, zilipunguza shida kwa kiasi kikubwa na zimo ndani ya ardhi ya chuo. Hosteli ya Mabibo iko nje, upande wa pili wa Barabara ya Morogoro. Tangu barabara za juu za Ubungo zifunguliwe mwaka 2021 safari imekuwa nafuu kuliko ilivyokuwa, na Mabibo ina maisha yake, watu wake na chakula chake cha bei rahisi. Naiweka ya pili, mbele ya geto lolote. Uzuri wa jengo usikushughulishe. Shughulika na maji. Mgao wa Oktoba 2022 ulipolibana jiji, aliyekuwa na ndoo mbili zenye mifuniko alikuwa tajiri, kwa hiyo beba ndoo, na chandarua pia.

Kuna watakaokosa kitanda na kubebwa, yaani kulala kitanda kimoja na mwenzao aliyepata. Siwezi kumlaumu anayembeba mwenzake. Amemwona mtu hana pa kulala, akasogea ukutani. Lakini kusiwe ndiyo mpango wa kuondoka nao nyumbani. Kitanda ni chembamba, vyoo vilijengwa kwa idadi fulani, na aliyebebwa anaishi akisikilizia ukaguzi. Kama umekosa, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi siku ileile, ueleze hali yako yote, na urudi tena kesho yake. Wapo wanaopangiwa kitanda halafu hawaripoti, na vitanda vyao hugawiwa upya.

Kwa wanaogawa vitanda katika vyuo vyote vya jijini nina ombi moja, na naliomba kwa moyo wote: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka mkoani na asiye na ndugu Dar atangulie, na jina lake litoke kabla hajapanda basi. Kutoka Sumbawanga mpaka stendi ya Mbezi ni safari ndefu. Akishuka pale na sanduku lake awe anajua bweni lake ni lipi, kwa sababu orodha ikichelewa hata wiki moja tu, anakuwa ameshamlipa dalali, na kodi ya miezi sita hairudishwi.