Glisirini ya Shangazi

Jamani ngoja niwape kisa cha jinsi shangazi yangu alivyojipaka nyeti za nzi 12 af akaenda kucheza nazo kicheni pati, na naomba mnisikilize kwanza ndo mcheke.

Kuna hawa nzi wawindaji, mi huwa nawaita nzi jambazi. Hawana habari na jalala wala pilau yako, wenyewe wanakaa kwenye ncha ya kijiti wametulia kama bodaboda anayesubiri abiria, mdudu akikatiza tu wanamdaka hukohuko hewani, hata awe nyuki, wanamchoma na ule mdomo mgumu wanamwingizia mate yanayompooza na kumyeyusha nyama za ndani, kisha wanamnyonya kama juisi ya boksi. Usoni wana ndevu, ndevu kabisa, na utosini katikati ya macho pamebonyea kama mtu kaminya na kidole. Ukishawajua huwasahau.

Sasa aina zao zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 7,000, na mateso yangu yalianzia hapo. Unaweza kuwa na nzi wawili, ndevu zilezile, mabawa yaleyale, miguu ileile, ukaapa ni mapacha, kumbe ni aina mbili tofauti na pa kuwatofautishia ni kule nyuma tu, kwenye maungo ya dume. Mi nilikuwa nimekamata madume 14 kwenye njia za chini ya milima ya Uluguru, kila mmoja kachomwa pini yake na namba yake, na mwalimu wangu anataka majina.

Kazi yenyewe inafanywa hivi: unakata kile kincha cha tumbo, unakiloweka kwenye kostiki ya moto (mi nilichota ile ya mama ya sabuni, hajui mpaka leo), nyama zote zinaisha inabaki ganda tu la kahawia linalopitisha mwanga, unasuuza, tone la siki kidogo kuua kostiki, halafu unaweka kwenye glisirini ili ukilipindua chini ya hadubini lisikauke likavunjika. Kila kimoja kama punje ya ulezi, au chini ya hapo. Vichupa vidogo vya kuhifadhia sina, hela sina, nikachukua vizibo 14 vya chupa za maji, nikaviandika namba na maka pen, kila kizibo tone la glisirini na nyeti zake, nikavipanga kwenye sinia juu ya meza ya chumbani. Basi bana, nikaenda kuoga.

Shangazi alikuwa kafika toka asubuhi, kaja kwa ajili ya kicheni pati ya mtoto wa jirani. Narudi na taulo, nakuta vizibo vimefutwa vikavu kama vimelambwa, vimebaki viwili tu, namba 6 na namba 11.

"Mama, nani kaingia humu?"

"Shangazi yako alikuwa anatafuta mafuta."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Yaani wiki 3 za kupanda mlima na wavu, zimegeuka losheni.

Nikavaa haraka nikabeba kibano na lenzi ya mkononi nikakimbia kwa jirani, na nyie mnajua kicheni pati mwanaume hakatizi, nimefika getini kina mama wawili wamesimama kama mgambo. Nawaambia namtaka shangazi, dharura. Dharura gani? Nikajikuta nasema, "Kuna kitu changu kiko miguuni kwake." Wakanitazama kuanzia juu mpaka chini wakaangalia na kile kibano. Mmoja akasema, "Kaka, nenda nyumbani ukapumzike." Huko ndani nasikia ngoma, vigelegele, na kwa kupitia upenyo wa geti nikamwona shangazi mwenyewe, yuko katikati, miguu inang'aa kwa taa, anakata mauno. Kila akitikisika najua namba fulani imedondoka.

Karudi saa 5 usiku. "Shikamoo shangazi, naomba usioge."

"Marahaba. Umeanza lini kunipangia kuoga?"

Ikabidi nieleze ukweli wote. Alikaa kimya kidogo, akainusa mikono yake, akauliza, "Ya dume au ya jike?" Nikasema ya dume. Akasema astaghfirullah, halafu akacheka mpaka mama akaamka, wakawa wanacheka wote wawili huku mimi nimepiga magoti na tochi ya simu nakagua miguu inchi kwa inchi, glisirini inanata nikawa na matumaini, lakini nilichopata ni mchanga, kipande cha pambo la kucha na punje ya wali. Nyeti moja tu ndo ilipatikana, imeganda kwenye kiwiko cha kushoto, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Ila ya nzi namba ngapi, hapo ndo hakuna ajuaye.

Na kielelezo hakikai bila lebo, lazima uandike kimepatikana wapi, lini, na nani kakikusanya. Nikaandika kwa herufi ndogondogo: Tanzania, Morogoro, Kiwiko cha Kushoto, tarehe, jina langu.

Mwalimu aliinama kwenye hadubini muda mrefu, akaisoma na ile lebo mara mbili, akainua kichwa.

"Hiki Kiwiko cha Kushoto kiko kata gani?"