Magofu ya pwani, nendeni wawili

Tulitoka nyumbani Mombasa alfajiri, mimi na mke wangu, na chupa ya chai na mahamri kiti cha nyuma. Siku tatu hadi Malindi, tukisimama kila penye gofu na kila penye ufuo wa hifadhi. Miaka 11 ya ndoa hatujawahi kuingia Gede, ule mji wa magofu, na kila tukienda arusini Malindi kibao chake tunakipita.

Nina neno moja. Magofu yetu tumewaachia wanafunzi na watalii, na naona wanaofaa zaidi kuyatembelea ni watu wanaokaa nyumba moja. Ukiondoa ngome, kinachoonyeshwa pale ni nyumba za watu.

Ngome ya Fort Jesus haikutuchukua muda. Wareno waliianza mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ni pahali pa mizinga, na mazungumzo yetu mle yalikuwa ya vita.

Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ndipo mambo yalipobadilika. Kuna msikiti ukingoni mwa bahari, na ubavuni mwake chumba kinachoaminika kuwa kilikuwa cha wanawake kusalia. Mke wangu alisimama mle muda mrefu. "Baba Salma," akasema, "kumbe walitutengea mahali tangu zamani hizo." Karne ya 14! Ningekuwa peke yangu ningekipita.

Gede ikatuteka kabisa. Wachimbuzi walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani: mkasi, taa ya chuma, sarafu za Kichina. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa dari zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali. Tukashikana mikono katikati ya chumba kimoja, kila mtu akanyosha mkono wa pili, tukazigusa kuta zote mbili. Pale pale tukaanza kubishana kitanda kilikaa upande gani.

Kisha akauliza maji. Wanawake huuliza maji kwanza, na ndilo swali lenyewe: visima vya Gede vinadhaniwa kuwa vilipungua maji, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji ule mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Siku yetu walioujaza zaidi ni kima.

Jambo moja liliniuma. Mahali fulani tulipopita, maelezo yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza, hata ya birika la maji, daka la mlangoni na zidaka za ukutani, vitu ambavyo bibi zetu walivitaja kila siku. Mkwe wangu, mama wa mke wangu, husoma Kiswahili tu. Angesimama mbele ya nyumba ya wahenga wake kama mgeni.

Watamu msiende kabla ya kuuliza maji yanapwa saa ngapi. Hifadhi ile ya bahari ipo tangu 1968, na maji yakipwa, matumbawe huonekana vizuri kutoka kwenye mashua yenye sakafu ya kioo. Sisi tulifika yamejaa. Tukalala, tukarudi asubuhi, na mke wangu akalala kifudifudi juu ya kile kioo mpaka nahodha akageuza chombo.

Kaskazi ikianza tunakwenda tena, safari hii na mkwe wangu. Ameshasema anataka kuiona nyumba ya mkasi. Maelezo nitamsomea mimi.