Mguu usiohisi joto ndio unaolihitaji zaidi

Mtu akiumia uti wa mgongo, swali la kwanza la jamaa zake ni kama atatembea tena. Moyo haumjii mtu akilini. Lakini kadiri miaka inavyokwenda, maradhi ya moyo na mishipa ya damu huwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya walioumia hivyo. Misuli ya miguu hunywea, mishipa inayoilisha husinyaa, sukari husumbua na lehemu nzuri, yaani mafuta ya damu yanayoilinda mishipa, hupungua.

Dawa inayojulikana ni mazoezi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kwa walioumia uti wa mgongo unashauri dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa nguvu ya wastani au zaidi. Sasa mwambie hivyo aliyepooza kuanzia shingoni, au yule ambaye mabega yake yamechakaa kwa kusukuma kiti cha magurudumu. Ndiyo maana tiba ya joto imevuta macho: mtu anakaa kwenye maji ya moto au sauna mpaka joto la mwili lipande kwa takriban nyuzi 1.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Joto huongeza kasi ya damu, damu husugua kuta za mishipa, nazo hutoa oksidi ya nitriki inayozilegeza. Nchini Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara 1. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha kwamba maji ya moto hupandisha intaliukini-6 kwa watu walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingoni. Hiyo ni kemikali ambayo misuli huitoa wakati wa mazoezi.

Mimi siwezi kuuhamisha ushahidi wa Ufini moja kwa moja. Anayeweza kwenda sauna karibu kila siku huenda alikuwa na afya bora tangu mwanzo. Na zaidi ya hilo, mwili wake unatoka jasho.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Chini ya jeraha, amri ya ubongo ya kufungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho haifiki, au hufika kidogo. Kwa hiyo kupasha kiwiliwili na kutarajia mishipa ya miguu ifunguke hakutoshi. Inabidi joto liguse miguu yenyewe, kwa sababu ngozi ikipashwa papo hapo hulegeza mishipa yake bila kungoja ubongo. Na miguu hiyohiyo haiwezi kusema inaungua. Joto lisilo na jasho nalo hubaki mwilini, hivyo kipimo kinachomfaa mwingine kinaweza kumzidi huyu upesi.

Kwa aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kuungua asikokuhisi kunaweza kurusha shinikizo la damu ghafla hadi kiwango cha kuleta kiharusi. Kinyume chake, anapotolewa majini shinikizo, ambalo kwa wengi wao tayari liko chini, linaweza kuporomoka akazimia. Mwenye bandiko la fentanili, dawa kali ya maumivu inayopenya kupitia ngozi, ana hatari nyingine, kwani joto huharakisha dawa kuingia kwenye damu.

Bado sikubaliani na daktari anayelifunga jambo hili kwa neno "hapana". Watu hawa wamenyimwa njia nyingi za kuulinda moyo, na hii inastahili majaribio ya miezi mingi, yakiwatenganisha washiriki kwa kimo cha jeraha, yaani mahali lilipo kwenye uti wa mgongo. Kemikali iliyopanda baada ya kikao kimoja haijathibitisha kwamba moyo umeokolewa.

Lakini beseni la nyumbani, bila mwangalizi, nalipinga waziwazi. Anayetaka kujaribu aanzie kliniki, pawe na kipimajoto cha maji na cha mwili, shinikizo lipimwe muda wote, na ngozi ikaguliwe kabla na baada.