Kuandika ni Kurudia

Ushauri wanaopewa waandishi wachanga ni uleule: soma sana, andika sana. Si uongo, ila haumfai mtu aliyekwisha kuandika kurasa kumi na anaona wazi kwamba hazina uhai. Huyo anataka kujua azifanye nini kurasa hizo. Kwa maoni yangu, mwandishi mzuri humtambui anapoanza, humtambua anaporudia.

Kuanza ni ratiba tu. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta. Aliamka alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Riwaya zake zilifika 47. Kasi hiyo huihitaji. Muda maalumu unauhitaji, na simu ikae chumba kingine.

Rasimu ikiisha, iache ilale siku kadhaa. Ukiisoma ingali moto, kichwa kinaziba mapengo ambayo msomaji atatumbukia. Kisha isome kwa sauti, wala si kwa kunong'ona. Flaubert, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, alizisoma sentensi zake kwa kupaza sauti mpaka karibu na kupiga kelele, apime kama zinasimama. Ulimi ukijikwaa au pumzi ikikata kabla ya nukta, pana tatizo hata kama sarufi imekaa sawa. Mazungumzo ya wahusika ndiyo huumbuka zaidi: utamsikia mtoto wa miaka saba akiongea kama msoma taarifa ya habari.

Halafu kata. Hapa nina kinyongo kidogo, maana maandishi yetu yamevamiwa na lugha ya ofisini. "Wananchi walifanya zoezi la upigaji kura." Walipiga kura, basi! "Aliweza kufanikiwa kufika." Alifika. Mimi huanza kwa kuwinda "suala la", "zoezi la", "kuweza", na zile "ambaye" zinazoongozana tatu katika sentensi moja. Nikimaliza, naiangalia aya ya kwanza kwa jicho baya. Mara nyingi makala huanza kweli kwenye aya ya pili.

Wapo wanaosema kurudia mno kunaua ladha. Huenda, lakini kazi nyingi ninazozisoma zina ugonjwa wa kinyume chake. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alieleza kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake *A Farewell to Arms* aliuandika upya mara 39 ndipo akaridhika.

Mwisho tafuta msomaji, na usimuulize kama ameipenda. Atasema ndiyo, ni rafiki yako. Muulize alichoka wapi, alirudi nyuma kusoma tena wapi, ni mhusika gani alimsahau jina. Wasomaji wawili wasiojuana wakikuonyesha aya ileile, usianze kuwaeleza ulichokusudia. Iandike upya.