Bata wa Mitumba

Mgeni wangu alikuwa mama wa makamo kutoka Uswidi, mpenzi wa bata. Si wa kula, wa kutazama. Kwao Januari watu husimama ufukweni kwenye theluji, jicho kwenye darubini, wakiwatazama bata wa baharini wanavyozamia kome. "Wanameza kome mzima na gamba lake," alinieleza, "firigisi ndiyo inasaga." Nikazikumbuka firigisi ninazokula pale stendi, nikanyamaza.

Safari hii alitaka kuwaona wale bata wengine, wanaoikimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu. Kabla ya siku yenyewe akanitumia ujumbe: "Asubuhi na mapema, kando ya maji. Vaa koti zito."

Sasa Momela, kwenye maziwa ya Hifadhi ya Arusha tulikokuwa tunaenda, asubuhi kuna kibaridi, sikatai, lakini ni cha sweta. Mimi, dereva mtiifu, nikaenda soko la Kilombero, Arusha mjini, kwenye mitumba nikaibuka na koti limejaa kama godoro. Elfu kumi na tano. Mke wangu akauliza kama nahamia kileleni Kibo.

Tukafika ziwani, pale panaporuhusiwa kushuka garini. Heroe wamejipanga, kibisi wanazama na kuibuka, na bata wake wapo: wale wenye mdomo kama mwiko, wanachuja maji bila kuinua kichwa. Mama anahesabu kwa kunong'ona. Saa tatu jua likatoka. Jasho likaanza kunitiririka hadi kwenye soksi, ila kulivua koti la elfu kumi na tano mbele ya mgeni niliona aibu.

Nikasogea kwenye kivuli cha mgunga. Mwiba ukadaka mgongo. Nikavuta.

Prrrraaa!

Ndugu zangu, mle ndani hamkuwa pamba. Ni manyoya. Upepo ukayabeba, yakatua kwenye darubini, kwenye kofia ya mama, kwenye chupa ya chai. Bata wote wakaruka. Mama akaudaka unyoya mmoja, akautazama kwa makini kama daktari. "Huyu ni wa kufugwa," akasema. "Wa baharini manyoya yake ni laini zaidi, na ghali. Jike huyanyonyoa kifuani mwenyewe, atandike kiota." Hata pole hakunipa.

Kugeuka, askari wa hifadhi huyu hapa na bunduki. Anatazama manyoya chini, ananitazama mimi, jasho chapachapa, manyoya hadi kwenye masharubu.

"Bata yuko wapi?"

"Afande, hakuna bata."

"Na haya ya kuku?"

"Ya bata, afande. Lakini alikuja amekufa."

Nilipojisikia nikajua nimejimaliza. Akaniagiza nifungue buti. Akakagua hadi chini ya tairi la akiba, akafunua na hotipoti ya mama, akakuta viazi.

"Bata wa aina gani huyu?" akauliza tena, sasa kwa upole wa kutisha.

Nikageuka nikamwonyesha mgongo. "Wa mitumba."

Akaingiza mkono kwenye tundu, akaupapasa humo ndani muda mrefu kuliko upekuzi unavyohitaji.

"Sisi huku doria za usiku tunaganda," akasema taratibu. "Hilo belo, Kilombero wanafungua siku gani?"